Fundi Mwandamo na Siku Zisizokutana

Kiwandani walimwita Fundi Mwandamo, na jina lenyewe alilichuma kwa ubishi wake. Miaka mingi nyuma mteja mmoja aliingia na kalenda mkononi, akaibwaga mezani, akaanza kufoka. Kalenda ilisema mwezi wa Kiislamu unaanza Jumatano, na watu walikuwa wameuona mwezi angani Jumatatu jioni kwa macho yao, kwa hiyo Jumanne ilikuwa tayari mosi. Fundi akavua miwani, akaifuta kwa shati, akasema, "Basi mwezi ndio uliowahi. Mimi nimeandama kwa wakati wangu." Watu wakacheka mpaka wakashikilia mbavu, mteja naye akashindwa kununa, na jina likaganda hapo hapo.

Kazi yake ilikuwa kupanga kalenda za ukutani, zile za karatasi kumi na mbili zilizobanwa kwa bati juu, zenye tundu la msumari. Tarehe za kawaida nyeusi, kubwa, za kusomwa na mtu aliyesimama mlangoni. Chini yake, pembeni kulia, tarehe ya Kiislamu kwa wino mwekundu, ndogo, ya mwenye haja nayo. Nyeusi hazikumsumbua. Hizo hata kuku angezipanga, alikuwa akisema. Nyekundu ndizo zilizomfanya awe mtu.

Maana nyekundu hazikai, nakwambia. Mwezi wa mbinguni unachukua siku ishirini na tisa na nusu, na dakika arobaini na kitu juu yake, toka kuandama hadi kuandama. Haya, nusu siku utaichapa vipi? Ndiyo maana wahesabu wa kale walipatana: mwezi mmoja siku thelathini, unaofuata ishirini na tisa, hivyo hivyo mpaka kumi na mbili. Jumla mia tatu hamsini na nne. Zile dakika nazo hazipotei. Zinajikusanya kimya kimya kama vumbi chini ya kabati, na kila miaka thelathini zinatimia siku kumi na moja kamili. Siku hizo zinagawiwa: miaka kumi na mmoja kila mmoja unapewa siku yake, inapachikwa mwisho wa mwezi wa mwisho. Mwaka upi upewe na upi unyimwe, hilo ndilo jedwali, na jedwali lilikuwa kwenye daftari la jalada gumu alilorithi kwa mwalimu wake wa kazi. Kompyuta ilipoingia kiwandani walimwambia daftari sasa aliweke jikoni liwashie moto. Akaweka kompyuta upande wa kulia, daftari upande wa kushoto, na mwaka wa kwanza tu akaikamata kompyuta ikiwa imekosea siku moja. Alitembea kifua mbele wiki nzima, akawa hasemeki.

Nyuma ya karatasi ya Januari kulikuwa na maelezo mafupi aliyoyaandika mwenyewe, na kila mwaka yalichapwa vilevile. Aliandika kwamba Waarabu wa kale walikuwa na miezi hiyo hiyo kumi na miwili, ila miaka yao haikuwa na namba. Mwaka waliuita kwa jambo kubwa lililotokea ndani yake, kama mwaka wa tembo, jeshi lenye tembo lilipoiendea Makka. Aliandika pia kwamba walikuwa na mchezo wa kusogeza miezi. Miezi minne ilikuwa mitukufu, vita mwiko. Basi watu wakiona vita vinawafaa mwezi huo, anasimama mmoja wao anatangaza kwamba utukufu umeahirishwa, umehamia mwezi wa mbele, na mapanga yanatoka. Wengine husema waliongeza hata mwezi wa kumi na tatu ili safari za biashara ziangukie msimu mzuri. Uislamu ukaja ukapiga marufuku: miezi ni kumi na miwili, basi, na hakuna kusogeza. Tangu hapo mwaka wa mwezi umeachwa uende zake, ukirudi nyuma ya mwaka wa jua siku kumi au kumi na moja kila mwaka, ukizunguka mvua na kiangazi bila kumuuliza mtu.

Namba za miaka zilikuja baadaye, wakati wa khalifa wa pili. Husimuliwa kwamba kulikuwa na malalamiko: barua zinafika zimeandikwa Shaabani, sasa Shaabani ipi, hii au ya mwaka jana? Wakaketi kushauriana. Wapo waliotaka kuhesabu tangu kuzaliwa kwa Mtume, wapo waliotaka tangu kufariki kwake. Wakakubaliana juu ya Hijra, kuhama Makka kwenda Madina, ingawa ilikuwa imeshapita miaka kumi na sita au kumi na saba. Mwanzo wa mwaka wakauacha kwenye Muharram, japo Hijra yenyewe ilikuwa kama miezi miwili mbele yake. Fundi aliipenda sana habari ya barua. "Mnaona?" aliwaambia wenzake. "Yote hayo kwa sababu mtu wa ofisini alichoka kukisia. Sisi watu wa karatasi tuheshimiwe."

Sasa mtu huyu, aliyezijua siku za watu wote, nyumbani kwake siku moja ilimshinda.

Yeye na mkewe walikuwa na wana wawili wa kiume, watu wazima, wanaoishi mbali. Kabla yao palikuwa na binti. Binti aliugua homa akiwa na miaka sita, akalazwa, na siku ya sita akafariki, alasiri. Ilikuwa tarehe kumi na mbili Novemba. Kwa mwezi ilikuwa sita Jumada ya kwanza, ambayo mkewe, kama wazee wake, aliiita Mfunguo Nane. Fundi hakuwepo. Novemba ya zama zile ndiyo iliyokuwa roho ya kazi ya kalenda, herufi za madini ya risasi zikipangwa moja moja kwa vidole, na asubuhi ile daktari alisema mtoto ana nafuu. Akaenda kazini. Saa tisa bosi wa wakati ule akamwambia, "Nenda ukamwone mtoto, haya yatangoja." Angeweza kuondoka. Aliona kosa kwenye karatasi aliyokuwa nayo, hakutaka mwingine alisahihishe, akabaki. Alifika hospitali magharibi. Mkewe alikuwa ameketi kwenye benchi la korido, na ndala za mtoto zilikuwa mapajani mwake.

Hakumgombeza. Afadhali angemgombeza! Alisimama, akampa ndala, wakaenda kushughulikia maiti.

Hospitali ilimpa Fundi cheti, na kwenye cheti palikuwa na tarehe kumi na mbili Novemba. Mwaka uliofuata, ilipofika tarehe hiyo, alikwenda makaburini, akang'oa majani, akamwombea mwanawe. Aliporudi alimkuta mkewe anashona. Mkewe akamwambia bila kuinua uso kwamba yeye ameshakwenda, siku kumi na moja zilizopita, sita Mfunguo Nane. Fundi aling'amua hapo kwamba majani hayakuwa mengi. Mwaka wa pili zikapishana siku ishirini na mbili. Kila mmoja akashika siku yake. Siku ya mkewe ikawa inarudi nyuma, Oktoba, Septemba, Agosti, mwaka hadi mwaka. Pakafika wakati mmoja analia kwenye tope la mvua na mwenziwe kwenye vumbi, nusu mwaka kati yao. Wakilala kitanda kimoja, wakila sahani moja, na mtoto wao mmoja akiwa na siku mbili.

Mwaka wa nne au wa tano mkewe alimuuliza, "Wewe mwenye madaftari, siku zetu zitakutana lini?" Naye, kwa kujiona na kwa kutaka kumpa kitu, akajibu papo hapo, "Miaka thelathini na mitatu ya mwezi. Mwezi unauzunguka mwaka wote, unarudi pale pale." Ndivyo wasemavyo watu. Mkewe akafikiri kidogo, akasema, "Basi siku hiyo twende pamoja. Mpaka hapo kila mtu na yake." Na Fundi akaipokea ahadi hiyo kama mtu aliyepunguziwa kifungo. Kuanzia hapo alikuwa na neno moja tu moyoni, hata alipokuwa anacheka na wenzake: kabla hajafa, asimame kwenye lile kaburi na mkewe, siku moja, wote wawili.

Kumbe thelathini na tatu ni maneno ya barazani. Mwaka wa kumi, mashine ikiwa imeharibika na mchana ukiwa mrefu, alifungua daftari akapiga hesabu yote mpaka mwisho. Akairudia. Mwaka wa thelathini na tatu wa mwezi, sita Mfunguo Nane itaangukia tarehe kumi na nane Novemba, siku sita mbele ya siku yake. Mwaka wa thelathini na nne itaangukia tarehe saba, siku tano nyuma. Itairuka. Itapita juu ya tarehe kumi na mbili bila kuigusa, ianze mzunguko mwingine, na mzunguko huo ukimalizika wao wameshakuwa udongo zamani. Alifunga daftari, akaenda nyumbani, akala, akalala, hakusema kitu. Kesho yake pia. Hivyo hivyo ikapita miaka ishirini na moja, na kila alipojipiga moyo konde aseme, ulimi ukawa mzito.

Usimcheke. Au mcheke, lakini kidogo.

Sasa ikaingia Julai ya mwaka ninaousimulia. Tangu msiba ule Fundi alikuwa amehamisha kazi ya kalenda kutoka Novemba kwenda Julai, bosi wa zamani akamkubalia bila kuuliza, na binti wa bosi huyo, aliyerithi kiwanda, akaendelea vilevile. Asubuhi moja, Fundi akifunga viatu, mkewe akasema akiwa jikoni, "Mwakani ndio mwaka wetu, au sivyo?"

"Mwaka gani?"

"Wa thelathini na tatu. Unaipanga kalenda yake wiki hii, si ndiyo? Uniletee karatasi ya Novemba mapema, niione."

"Nitakuletea," akasema Fundi, na kamba ya kiatu ikamkatikia mkononi.

Kiwanda kilikuwa vyumba viwili: mbele meza, kompyuta na rafu za karatasi, nyuma mashine ya kuchapa, mashine ya kukata, na harufu ya wino isiyotoka hata nguo ukifua mara tatu. Fundi aliketi akapanga Januari. Akapanga Februari. Alikwenda vizuri, nyeusi kubwa, nyekundu ndogo, mpaka Oktoba. Novemba alisita. Akanywa maji. Akasimama kwenda kumwangalia mchapaji akisafisha mashine, akarudi, akaketi.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka arobaini ya kazi. Alichukua mwanzo wa Mfunguo Nane, ambao jedwali liliuweka tarehe kumi na tatu Novemba, akausogeza mpaka tarehe saba. Sita ikaanguka juu ya kumi na mbili. Nyeusi na nyekundu ndani ya kisanduku kimoja. Aliitazama kwenye kioo cha kompyuta muda mrefu, na nitasema ukweli, alifurahi. Alifurahi kama mwizi aliyepata mlango wazi. Alijiambia ni nakala moja tu, ya nyumbani, halafu atarudisha kama ilivyokuwa. Mkewe si mtu wa hesabu, alijiambia. Yeye ni wa cherehani. Akabonyeza. Karatasi ikatoka.

Wanaume! Redio itatangaza mwandamo, jirani atasema leo mwezi mosi, mwezi wenyewe utaning'inia juu ya bati la jikoni, halafu mwanamke aliyeifuata siku hiyo miaka thelathini adanganywe kwa karatasi? Lakini mtu akitaka kitu sana akili huenda likizo.

Akaenda chooni. Aliporudi, bosi alikuwa amesimama mezani pake na karatasi mkononi. Bosi alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, aliyekulia humu humu kiwandani akichezea herufi, na desturi yake ilikuwa kupitia kila prufu, nakala ya kusahihishia, kabla haijakwenda kwenye mashine.

"Fundi, njoo kidogo," akasema. "Mfunguo Saba wa mwakani una siku ngapi?"

Fundi akavua miwani, akaifuta kwa shati.

"Maana Oktoba umenionyesha unaanza tarehe kumi na tano. Hapa Novemba umekwisha tarehe sita. Nimehesabu kwa vidole, nikahesabu tena. Siku ishirini na tatu. Mwezi gani huu, mzee wangu, umekatwa mkia?"

Mchapaji kule nyuma akaangua kicheko. "Siku imefika! Fundi Mwandamo kaandama vibaya!"

"Wewe piga kazi yako," bosi akamwambia, lakini hata yeye alikuwa anatabasamu. Miaka yote alikuwa akilisubiri kosa la Fundi, kwa mapenzi tu, ili amtanie. Halafu akamwangalia usoni, na tabasamu likamwisha. "Fundi? Unaumwa?"

"Si kosa," akasema Fundi.

"Si kosa vipi?"

"Nimeusogeza mwenyewe. Kwa makusudi." Akaketi. Kwenye meza ile ile palikuwa na prufu ya Januari, na nyuma yake maneno yake mwenyewe juu ya watu wa kale waliosogeza miezi ili iwafae. Hakuhitaji kuyasoma. "Nilitaka nimpelekee mke wangu. Nyumbani tu. Nisamehe, mwanangu. Nimekuaibisha, nimemwaibisha na baba yako aliyenipa kazi."

Bosi hakuuliza kwa nini. Huenda alijua, watoto waliokulia chini ya meza husikia mengi. Akaikunja karatasi mara mbili, akampa. "Sijaiona," akasema. "Nenda nyumbani sasa hivi. Novemba utaipanga kesho."

"Nitaipanga sasa, dakika kumi tu, kisha..."

"Fundi. Kesho."

Basi akaondoka, saa sita na nusu za mchana, jua la utosi, saa ambayo mtaa wao haukuwahi kumwona. Muuza duka akamuuliza kama amefukuzwa kazi. Alitembea polepole na karatasi mfuko wa shati. Njiani alipanga maneno, akayapangua, kama herufi za zamani, na alipofika uani hakuwa na hata neno moja lililonyooka.

Mkewe alikuwa barazani nyuma ya cherehani, nguo ya mteja ya kijani imemfunika magoti, pini nne mdomoni. Akamwangalia juu hadi chini, akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa begani.

"Kuna nini? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa." Akatoa karatasi, akaikunjua, akaiweka juu ya meza ya cherehani. "Ulitaka Novemba."

Mkewe akaisogeza karibu na macho. Akapeleka kidole mpaka kumi na mbili, akakiacha hapo.

"Imekutana," akasema.

"Uongo," akasema Fundi. "Nimeusogeza mimi. Haikutani. Mwakani ni tarehe kumi na nane, mwaka utakaofuata ni saba. Inaruka. Niliposema thelathini na tatu nilisema ovyo, sikuhesabu. Nilikuja kuhesabu baadaye. Nimejua miaka ishirini na moja, mke wangu, na sikukwambia. Nilikuwa naogopa."

Alisema yote kwa mkupuo mmoja, macho yake kwenye gurudumu la cherehani. Mkewe akaweka mguu juu ya kikanyagio, akashona mshono uliobaki mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno. Fundi akangoja. Ungemkata wakati ule asingetoa damu.

"Mwaka juzi ilikuwa ishirini na moja Desemba," akasema mkewe. "Mwaka jana kumi Desemba. Mwaka huu itakuwa ishirini na tisa Novemba. Toa kumi na moja ni ngapi?"

"Kumi na nane."

"Toa tena."

"Saba."

"Sasa hapo panahitaji daftari?" Hakuwa amepandisha sauti. "Wewe unadhani kuhesabu umeumbiwa peke yako. Mimi napima viuno vya watu tangu sijaolewa. Najua kitu kinachofika na kisichofika."

Fundi akashika mwimo wa mlango. "Umejua."

"Nimejua."

"Mbona asubuhi uliniambia mwaka wetu, nikuletee..."

"Nilitaka nione utaniletea nini." Akaitazama tena karatasi. "Umeniletea hiki."

Hapo Fundi Mwandamo aliona haya ambayo hajapata kuiona, hata mbele ya bosi. Alitamani ardhi ipasuke. Lakini ilikuwa imeshatoka, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi hakuwa na kitu cha kuficha, na hilo likampa nguvu kidogo. Akavuta kigoda, akaketi chini ya mkewe, magoti yake karibu yaguse cherehani.

"Niache nije siku yako," akasema. "Mwaka huu, ishirini na tisa. Ile yangu ya cheti naiacha. Sitaki tena kwenda peke yangu."

"Siku si kitu. Njoo siku yangu, nije siku yako, twende kesho asubuhi ukitaka. Yeye hana kalenda." Mkewe akaikunja ile nguo ya kijani, akaiweka kando, akabaki na mikono mitupu mapajani. "Mimi sikuwa nangoja tarehe, baba. Tangu siku ile kuna jambo hujaniuliza. Hata mara moja. Umekuja hospitali, umeuliza daktari, umeuliza cheti, umeuliza gari la kubebea. Mimi hukuniuliza."

Fundi alijua. Hakujifanya hajui. Miaka yote alikuwa akilizunguka swali hilo kwa mbali, kwa sababu aliamini jibu lake litakuwa jina lake, kwamba mtoto alimwita na hakuwepo, na aliona bora asisikie kuliko kusikia. Kuku alipita barazani, akadonoa uzi, akaondoka.

"Ilikuwaje?" akauliza. "Alasiri ile. Alisema nini?"

Mkewe akavuta pumzi. Alianza kusimulia kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesoma barua iliyokaa sana mkobani. Alisema mtoto alikula uji kijiko kimoja na nusu mchana. Alisema homa ilishuka, wakafungua dirisha, kitanda cha pili akalazwa bibi mmoja aliyekuwa akikohoa na mtoto akamwonea huruma. Alisema saa tisa ilipopita mtoto alianza kupumua haraka, lakini hakulia.

"Unakumbuka jioni zile ulipokuwa ukija kumwona? Ulikuwa unamwambia umefika mwezi gani. Jana Septemba, leo Oktoba. Alikuwa anaijua miezi yote kwa kichwa."

Fundi akaitikia kwa kichwa kwamba anakumbuka. Hakuwa amekumbuka mpaka dakika ile.

"Basi akaniuliza, 'Mama, leo baba amefika mwezi gani?' Nikamwambia amefika Desemba. Akasema, 'Desemba ndio mwisho. Basi amemaliza, anakuja.' Akaniambia nimgeuzie upande wa mlango, asikukose ukiingia. Nikamgeuza."

Mkewe akakung'uta vipande vya uzi magotini. Kisha akasema, "Hakuwa na hasira na wewe hata kidogo. Nilitaka nikwambie hilo tu. Ila mpaka uniulize."

Fundi Mwandamo akainamisha kichwa juu ya meza ya cherehani, juu ya ile karatasi ya uongo, akalia kwa sauti, mchana kweupe, majirani wakisikia. Mkewe hakumnyamazisha. Alimwekea mkono kisogoni, akauacha hapo, na yeye mwenyewe akawa ameukazia macho mlango wa uani.